Mlango wa Pili: Nakuru, Kisumu, Kakamega

Alhamisi, Nakuru

Binamu yangu ni fundi wa spika na taa za klabu. Ana kazi Nakuru, ana nyingine Kakamega, na katikati ana shemeji Kisumu wa kutupa mahali pa kulala. Mimi nimedandia gari lake kwa shabaha yangu mwenyewe: kuona jinsi sheria zinavyozipa sura klabu za wanenguaji uchi za upande huu wa nchi. Klabu hizo zipo, kila mtu anajua zipo, na hakuna karatasi ya serikali inayoziita kwa jina hilo. Watu wakizizungumzia huishia kwa wasichana. Mimi nimekuja kuangalia milango, saa na vyeti vya ukutani.

Nakuru ni jiji tangu Desemba 1, 2021, na mwenye klabu tunayomfanyia kazi amehakikisha hakuna atakayesahau, maana neno hilo amelipachika kwenye bango kwa rangi ya dhahabu. Klabu yenyewe iko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vipuri, hatua chache kutoka Kenyatta Avenue. Ukisimama barabarani unaona maandishi ya baa na mkahawa na kusikia harufu ya kitunguu kikikaangwa, basi. Ukipanda ngazi, kitu cha kwanza kukupokea ni jiko. Kuna meko ya gesi, mama anayemenya waru, yaani viazi, kwenye beseni, na meza nne za plastiki zenye chumvi na pilipili juu yake. Nilimuuliza mama huyo anauza sahani ngapi kwa siku.

"Kijana, kuna siku nauza mbili," akasema bila kuinua macho. "Na zote anakula bosi."

Jiko hilo lina historia. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo Wakenya wanaiita Sheria ya Mututho kwa heshima au kwa hasira, ilipangia baa ya kawaida saa za kufungua: kumi na moja jioni hadi tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. John Mututho mwenyewe alikuwa mbunge wa Naivasha, humu humu katika kaunti ya Nakuru, na baadaye akawa mwenyekiti wa NACADA, taasisi ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Mkahawa ukaachiwa nafasi ya kumuuzia kinywaji mtu anayekula. Hapo ndipo baa nyingi za Kenya zilipoota majiko. Sahani ya waru na mishikaki miwili ikawa ndiyo tiketi ya bia ya mchana.

Klabu ya usiku ina leseni yake, nayo ni ya saa moja usiku hadi saa tisa. Bosi wetu ana leseni zote mbili. Mchana yeye ni mkahawa, usiku ni klabu, na mpaka wa hizo mbili ni mlango mweusi ulioko nyuma ya friji ya soda.

Nilisimama mbele ya ukuta wa vyeti kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu. Leseni ya vileo ya kaunti imo kwenye fremu ya kioo, kwa sababu Katiba ya 2010 iliiweka kazi hiyo mikononi mwa kaunti. Kibali cha biashara kipo. Cha zimamoto kipo, kimeshikiliwa kwa selotepu. Cha afya ya umma kipo. Zipo pia karatasi za mirabaha ya muziki, zenye majina ya MCSK, KAMP na PRISK, mashirika ya kuwakusanyia wasanii malipo. Nikahesabu kimoyomoyo nani ametajwa: mpishi katajwa, muziki umetajwa, mtungi wa kuzimia moto umetajwa na tarehe ya kuukagua. Wanenguaji, ambao ndio wanaoleta watu, hawamo hata kwa kudokezwa.

Ijumaa, Nakuru

Kazi ya leo ni kelele. Kanuni za 2009 za kudhibiti kelele, zilizotolewa chini ya sheria ya mazingira, zinasema kwamba kuanzia saa mbili na dakika moja usiku, hata mtaa wa biashara haupaswi kupita desibeli 35. Mchana unaruhusiwa 60. Wenye klabu wakiisikia hiyo 35 hucheka, maana ni sauti ya watu wawili wanaonong'onezana. Binamu alifungua programu ya kupima sauti kwenye simu, akaniita kwenye dirisha la nyuma kabla hata hajawasha spika moja. Barabara peke yake, na matatu zake na wauza smoki, ilikuwa imepita 60.

"Sasa unaona," akasema. "Hiyo namba haimzuii mtu kupiga muziki. Kazi yake ni kwamba siku wakikutaka, wanakupata."

Kuta za ndani zilikuwa zimebandikwa trei za mayai, imani ambayo imeenea sana na haisaidii kitu. Trei hupunguza mwangwi ndani ya chumba, lakini besi haina habari nazo. Inapita ukutani na kushuka hadi kwenye duka la vipuri. Binamu alizing'oa zote. Akaweka sponji nzito, akaziinua spika za besi kutoka sakafuni kwa vipande vya mpira wa tairi, halafu akatengeneza kitu ambacho ndicho kiini cha klabu zote za aina hii nilizowahi kuingia: mlango wa pili.

Ukifungua mlango mweusi unajikuta kwenye kijichumba cha kama mita mbili, giza, pazia zito kulia na kushoto, na mbele yako mlango mwingine. Wa kwanza lazima ufungwe ndipo wa pili ufunguliwe. Mteja anadhani ni mbwembwe za kumtayarisha. Fundi atakwambia ni kwa ajili ya sauti. Mama meneja, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kusomea iliyoning'inia kifuani, alinipa sababu ya tatu.

Kifungu cha 181 cha Kanuni ya Adhabu, sheria tuliyorithi kwa Mwingereza, kinamtia hatiani anayeonyesha hadharani onyesho lisilo la adabu au linaloelekea kupotosha maadili. "Sisi tunalishika hilo neno hadharani," alisema mama meneja. "Milango miwili, pazia, umelipa kiingilio, umeulizwa kitambulisho. Hapo ni hadharani gani tena?" Sina hakika hakimu angekubaliana naye, nami nilimwambia hivyo. Alivaa miwani akaendelea na hesabu zake.

Kisha akamwomba binamu kazi moja ndogo ambayo haikuwa kwenye orodha. Alitaka swichi chini ya kaunta, upande wa keshia, na waya wa kwenda kwenye balbu mbili za bluu: moja juu ya mashine za didjei, nyingine kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Binamu hakuuliza ni ya nini. Alitoboa, akapitisha waya ndani ya bomba la plastiki, akabonyeza mara mbili kujaribu. Ilichukua muda mfupi kuliko chai aliyoletewa.

Usiku tukarudi kama wateja. Kiingilio shilingi 500, wenye leseni za udereva na vitambulisho wakaonyesha, kijana mmoja mwenye uso wa shule akarudishwa ngazini bila majadiliano. Chini ya miaka 18 hakuna mchezo, kwa sababu hapo leseni huenda pamoja na kijana. Baunsa alichukua simu yangu, akabandika stika nyekundu juu ya kamera, mbele na nyuma, akaisugua kwa kidole gumba mpaka ikashika. Stika hiyo inamlinda msichana, kweli, na kusambaza picha za utupu za mtu ni kosa kwa sheria ya makosa ya mitandaoni ya 2018. Lakini inamlinda bosi zaidi. Video ni ushahidi.

Mpaka saa nne na nusu hapakuwa na chochote. Wazee watatu, meza ya wanafunzi wa chuo walioagiza mzinga mmoja kwa watu sita, rumba ya taratibu. Nilianza kuona tumeingia siku mbaya. Saa tano na robo ngazi zikaanza kutetema. Ndipo nikaelewa ratiba: baa za kawaida za mtaani zinatakiwa kufunga saa tano, na wateja wao wakitimuliwa hawaendi nyumbani, wanakuja huku. Shoo haiwezi kuanza mapema kwa sababu watu bado wako kwingine, wala haiwezi kuchelewa kwa sababu saa tisa leseni inakwisha. Usiku mzima unabanwa kwenye muda wa saa nne tu. Ndiyo maana vinywaji vinasukumwa kwa pupa, ndiyo maana wasichana hupanda jukwaani wakifuatana bila kupumua, na ndiyo maana kufikia saa nane kila mtu ana kisirani.

Kuhusu shoo yenyewe nitasema kidogo. Mwangaza ni mwekundu na hafifu. Mnenguaji anapanda na nguo tatu au nne, anazungusha mwili kwenye nguzo, watu wanampa noti mkononi au wanamtumia kwa simu, na kila anapofikia ile hatua ambayo mwanasheria angeiita onyesho lisilo la adabu, taa zinazimwa zote kwa sekunde chache. Zikiwaka, jukwaa ni tupu. Mimi nilikuwa nikimtazama kijana wa taa. Macho yake hayakuwa kwa msichana hata mara moja, yalikuwa kwa keshia.

Ikapita saa saba. Balbu ya bluu ikawaka juu ya didjei.

Alikata wimbo katikati ya neno, akaweka rumba. Aliyekuwa jukwaani alishuka kwa nyuma. Kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia kulikuwa na misumari imepangwa na leso zikining'inia, na kufumba na kufumbua wasichana watano walikuwa wamekaa kwenye meza za wateja wamejifunga leso, chupa za maji mbele yao, kama wapwa waliokuja kumsalimia mjomba. Wanaume wawili wenye jaketi waliingia mlango wa kwanza, wakangoja ufungwe, wakaingia wa pili. Walisoma vyeti. Mama meneja akawapeleka jikoni. Kilichozungumzwa huko sikukisikia. Nilichokiona ni sahani za nyama zikipelekwa, za kwanza kutoka jiko lile tangu tufike, na baada ya nusu saa balbu ikazimika.

Jumamosi, njiani

Tuliondoka asubuhi na macho mekundu. Salgaa malori yamepanga mstari pande zote mbili, na baa za madereva zina shida ambayo za mjini hazina: dereva anayelala mchana anataka bia yake asubuhi, saa ambayo sheria haijaamka. Tulikunywa chai tu. Mau Summit, Londiani, ukungu, halafu Kericho na majani chai yake yaliyonyolewa. Baada ya Awasi joto likatupokea, Ahero mchele na maji pande zote, na saa nane tukawa Kisumu.

Shemeji alisema kulala ni uvivu. Usiku akatupeleka mtaa wa Kondele kusikiliza ohangla, muziki wa ngoma wa Waluo.

Naomba nikae hapa kidogo. Ukumbi ulikuwa wazi upande mmoja, hauna mlango wa kwanza wala wa pili, bodaboda wanachungulia kutoka barabarani. Ngoma, orutu ya uzi mmoja, kinanda cha umeme. Waimbaji wanawasifu waliokaa kwa majina, na anayesifiwa anasimama na noti. Kisha wakaingia wachezaji, wamevaa sketi za nyuzi, na viuno vyao vikaanza kusema mambo ambayo hata pale Nakuru sikuyaona. Mama mmoja wa rika la mama yangu alijifunga leso nyonga, akaingia katikati akashindana nao, na watu wakapiga vigelegele. Mzee wa pembeni yangu, jaduong' mwenye kofia ya majani, akanigusa bega.

"Omera, unaandika nini? Cheza!"

Nilimuuliza kama kuna siku hawa wachezaji wamewahi kusumbuliwa. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama kuna siku ziwa liliwahi kusumbuliwa kwa kuwa na maji. Sheria haina kipimo cha kiuno. Haisemi nyonga izunguke nyuzi ngapi, haisemi nguo iwe na urefu gani. Inaacha neno adabu likiwa limesimama peke yake, na anayelijaza ni afisa wa siku hiyo. Ohangla ni utamaduni, ina nyanya na wajukuu ukumbini, kwa hiyo inapita. Msichana wa Nakuru, mwenye mwendo huo huo na nguo pungufu mbili, anajificha nyuma ya pazia. Sisemi ni kitu kimoja. Nasema mstari kati yao haujaandikwa mahali popote, na hilo lina faida kwa mtu fulani.

Jumapili, Dunga

Samaki wa kukaanga, kuon (ugali), mboga ya osuga, na upepo wa ziwa. Shemeji aliishi Marekani miaka mingi akiendesha malori, na kwa kuwa dada yetu alikuwa kanisani, alizungumza kwa uhuru.

Huko, alisema, kila mji una sheria yake na inaonekana hadi kwenye glasi. Las Vegas, klabu ambayo wanenguaji wanavua kila kitu kwa kawaida haiuzi pombe. Inayouza pombe, lazima kuna kinachobaki mwilini. Kuna moja ya zamani kule North Las Vegas, Palomino, iliyobaki na ruhusa zote mbili kwa sababu ilikuwepo kabla, na watu huenda kuiona kama wanavyokwenda kuona jumba la makumbusho. Mteja anachagua chupa au nguo.

Ukienda jimbo la Oregon mambo yanageuka. Mahakama za huko zimeisoma katiba ya jimbo kwa upana upande wa uhuru wa kujieleza, na densi ya uchi ikaingia humo, kwa hiyo Portland ina klabu za kila namna, na pombe inauzwa. Lakini Indiana, mwaka 1991, Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu jimbo kuwataka wanenguaji wabaki na angalau kile kipande kidogo cha nguo. Shemeji aliionyesha saizi ya kipande hicho kwa mfupa wa samaki.

Iliyonichekesha ni ya New York. Mwaka 1995 jiji lilizisukuma biashara za watu wazima mbali na shule, makanisa na makazi, na kipimo cha biashara ya watu wazima kikawa asilimia 40 ya eneo. Basi klabu zikajipunguza. Asilimia 60 ikawa meza za pool na viti vya kulia chakula ambavyo hakuna aliyevikalia, na shoo ikabanwa kwenye ile iliyobaki. Nilimkumbuka mama wa waru. Sheria tofauti, bara tofauti, na jiko lile lile la kumpikia bosi.

"Lakini kule," shemeji akasema, "yule msichana ana pa kwenda kushtaki. Wengine wamewashtaki wenye klabu wakidai ni waajiriwa wao, na wakalipwa malimbikizo." Uingereza nako, sheria ya 2009 iliwapa mabaraza ya miji leseni mahususi ya kumbi hizi, yenye masharti yake. Iceland ilichagua njia nyingine: mwaka 2010 ilizipiga marufuku moja kwa moja. Unaweza kuichukia yoyote kati ya hizo. Angalau imeandikwa.

Jumatatu, Kisumu

Kupitia binamu nilikutanishwa na mnenguaji mmoja, tukaketi kwenye mkahawa wa Oginga Odinga Street saa za chai. Jina lake halina kazi hapa. Alivaa gauni refu na viatu vya raba, akaagiza chai ya maziwa na maandazi, akaanza kwa kuniuliza nitamlipia au la. Nilisema nitamlipia.

Alifanya kazi Nakuru kwanza, akahamia huku baada ya msako. "Kaka, msako unajua vile huwa," akasema. "Wateja wanaambiwa nendeni nyumbani. Weita wanaambiwa kaeni pembeni. Sisi tunaambiwa pandeni gari." Asubuhi walisomewa shtaka, wakashauriwa wakubali ili yaishe, wakatozwa faini. Mwenye klabu hakuonekana mahakamani wala hakuitwa. Yeye alikuwa na leseni.

Nikamweleza habari za ukuta wa vyeti. Akacheka, akafungua mkoba, akatoa kadi iliyokunjika pembe: cheti cha afya cha wanaoshika chakula, chenye mihuri, kile ambacho wapishi na weita hupimiwa kila miezi sita. "Nilikuwa weita. Hii ndiyo karatasi pekee ya kazi niliyonayo. Wakiingia, naionyesha hii." Kwa hiyo usiku, mbele ya balbu ya bluu, yeye ni mhudumu. Hana mkataba; mara nyingine ndiye anayemlipa bosi ili apande jukwaani, halafu anabaki na alichotunzwa. Aliteguka kifundo cha mguu mwaka jana, nguzo ilikuwa imelegea, akajitibu kwa pesa zake. Sheria ya fidia kwa walioumia kazini ipo tangu 2007, lakini inamtafuta mwajiriwa, naye bosi wake anaapa hana mwajiriwa wa namna hiyo.

Sababu ya kiapo hicho si ubahili pekee. Kanuni ya Adhabu haimwadhibu moja kwa moja anayeuza mwili wake, ila vifungu vya 153 na 154 vinamwadhibu anayeishi kwa mapato ya ukahaba au kuuendesha kwa faida, na 156 kinamgusa mwenye nyumba inayotumika hivyo. Mnenguaji si lazima awe kahaba, na huyu alilisisitiza hilo kwa kijiko. Lakini mwenye klabu anaona akimwandika tu kwenye daftari la mishahara, amemwandikia mwendesha mashtaka. Kwa hiyo hamwandiki. Sheria iliyotungwa kumzuia mtu asimnyonye mwanamke imempa sababu nzuri ya kutomlipa.

Nilimuuliza angetaka nini kibadilike. Nilidhani atasema misako ikome.

"Nguzo ikazwe," akasema. "Na choo chetu kiwe na mlango."

Alikumbuka pia Juni 2021, kaunti 13 za upande huu zilipowekewa kafyu ya saa moja jioni kwa sababu ya korona. Klabu ya usiku yenye leseni ya kuanzia saa moja, kwenye mji unaofungwa saa moja. Aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, soko la Kibuye mpaka ilipopita, na anasema omena ilimlipa vizuri zaidi katika wiki mbaya kuliko jukwaa katika wiki kama hizo. Alirudi kwa nini? "Omena inaanza saa kumi alfajiri," akasema, kana kwamba hilo linatosha. Kwangu lilitosha.

Jumanne, Kakamega

Kiboswa, Mbale, Chavakali, mvua. Njiani tuliona hema la matanga na jenereta, na binamu akaniambia huku kazi za disko matanga, muziki wa usiku msibani, amezikataa siku hizi. Utawala umekuwa ukizipiga vita kwa sababu ya watoto wanaopotelea gizani humo, na hapo mimi sina ubishi na chifu yeyote. Disko la matanga halina mlango, halina baunsa wa kumrudisha kijana wa uso wa shule.

Mteja wa Kakamega ana hoteli ndogo na anataka ukumbi nyuma yake. "Mulembe, fundi," akatupokea, akatuketisha, akaleta chai na michoro iliyochorwa kwenye karatasi ya madaftari. Ni mwalimu mstaafu, na anasoma sheria kwa utulivu wa mtu aliyesahihisha mitihani. Tangu hatua 25 zilizotangazwa Machi 2024 na Kithure Kindiki, aliyekuwa waziri wa usalama wa ndani, baada ya vifo vya pombe haramu kule Kirinyaga, hataki kuguswa na neno baa katika mtaa wa makazi. Ameuliza, amepiga hesabu, ameamua kuomba leseni ya klabu ya usiku, siyo ya baa.

Tatizo ni shule ya msingi. Sheria inataka mita 300 kati ya pombe na mahali wanaposoma watoto. Binamu akatoa mkanda, wakatembea wawili kwenye mvua, mwalimu akishika mwavuli juu ya mkanda badala ya kichwa chake. Ukipima kutoka ukuta wa nyuma hadi ua wa shule, hazifiki. Ukihamisha ukumbi upande wa barabara ya lami, zinapita kwa kama hatua kumi.

"Basi tunahamisha," akasema mwalimu. Akafuta kwenye mchoro, akachora upya, akaweka milango miwili bila kuambiwa na mtu. Jukwaa akaliweka kona ya mbali na dirisha. Binamu akamuuliza kwa upole, kama fundi anayetaka kujua uzito wa vitu, jukwaa ni la bendi au la nguzo.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Kwenye fomu kuna mahali pa kuandika bendi," akasema. "Lile lingine halina mahali. Wewe niwekee tu sakafu ngumu, na boliti nne za kufunika kwa mfuniko."

Binamu akaandika boliti nne, milimita kumi na sita, kwenye orodha ya vifaa. Nilimwomba aongeze mlango wa choo cha chumba cha nyuma. Mwalimu akauliza ni wa nini, nami nikamwambia kuna mtu kaniomba. Akanyamaza kidogo, akauliza bei, akakubali mlango wa mbao laini, komeo la ndani, bila rangi.